Jogoo Niliyemwacha Mbele ya Madhabahu

Mliniuliza pale kwenye kikamulio cha mawese, mmoja mmoja, na kila mmoja nikampa kipande. Sasa naona vipande vimeanza kutembea vyenyewe. Yuko anayesema nilikwenda Kalinzi kupigana, yuko anayesema nilikwenda kununua kahawa, na mke wa mwinjilisti anasema nilikimbia mnada wa kanisa. Basi naandika mara moja, msome wote, mnyamaze. Shule yangu ni darasa la nne. Atakayeona kosa alisahihishe moyoni mwake.

Karatasi hutembea, inaweza kufika kwa asiyenijua, kwa hiyo naanzia mbali kidogo. Miaka saba iliyopita boti la mbao lilizama ziwani tukitoka kwetu, ng'ambo ya mto Malagarasi, kwenda Kigoma. Walikufa watu sita, mmoja wao mdogo wangu Yoeli. Mimi nilipona kwa kushikilia dumu la mawese lililokuwa linaelea, maana mawese ni mepesi kuliko maji. Kanisani wakasema Mungu alinitumia dumu kama alivyomtumia Yona samaki. Nikaitikia amina. Dumu lenyewe liko kwetu mpaka leo, mama yangu hulifuta vumbi kila Jumamosi.

Tangu hapo, kila mwaka tukifanya kumbukumbu, nasimama nataja waliowaua wale watu. Nataja kwa majina, sitafuni maneno. Elisha Kayanda, nahodha, aliyejaza chombo kupita kiasi. Mzee Sudi wa Ujiji, mwenye boti, ambaye hakununua hata jaketi moja la kujiokolea. Na Mwinjilisti Gideoni wa kanisani kwetu. Asubuhi ile ziwa lilikuwa limechafuka, yeye akasimama ufukweni, nguo kavu, akatuombea, akasema tusihofu, hata Yesu alilala chomboni wakati wa dhoruba. Nimeitafakari Marko nne miaka saba, na jibu langu ni hili: Yesu alilala kwa sababu hakuwa nahodha. Na walipomwamsha hakuwaambia nao walale, aliinuka akashughulika.

Miaka hiyo yote sikula Meza ya Bwana. Sikutaka kikombe kilichopita mdomoni kwa Gideoni. Mwaka huu wazee wa kanisa wakanichoka. Wakasema: ama upatane na hao unaowataja, ama uache kuwataja. Kuacha siwezi. Yoeli hana mdomo mwingine.

Kutoka kanisani hadi mtoni

Kwetu, Jumapili ya kwanza ya mwaka, kila mtu huchukua karatasi kwenye kikapu. Ndani pana mstari wa Biblia, ndilo neno lako la mwaka. Unalitafakari miezi yote, na kwenye Sikukuu ya Mavuno unatoa ushuhuda limekufanyia nini. Mama yangu hupata lile la Bwana ndiye mchungaji wangu karibu kila mwaka. Nadhani ameshaijua ile karatasi kwa kuipapasa. Mimi nikapata Mathayo tano, pale Yesu anaposema ukileta sadaka yako madhabahuni, ukakumbuka kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache pale mbele ya madhabahu, uende kwanza ukapatane naye, ndipo urudi uitoe.

Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza Biblia ilikuwa upande wangu. Nitakwenda kwa Kayanda, atakiri mbele yangu kwamba alimuua mdogo wangu, nitamsamehe, nitarudi na haki yangu mfukoni. Hivyo ndivyo nilivyolitafakari, miezi kumi.

Siku ya mavuno watu wakaleta mihogo, mikungu ya ndizi, samaki wakavu. Mimi nikaleta jogoo mwekundu. Nikamfunga kwenye mguu wa meza ya madhabahu, nikageuka kuondoka.

"Baba Yoeli," Gideoni akaniita, maana mwanangu wa kwanza nilimpa jina la marehemu, "jogoo anapelekwa nje kwenye mnada."

"Haendi mnadani. Neno linasema iache mbele ya madhabahu, uende. Nimeacha. Nakwenda."

"Lile ni fumbo, ndugu yangu."

"Na ziwa nalo lilikuwa fumbo?"

Gideoni akakohoa, akamtuma mtu mahindi ya jogoo.

Kesho yake nikafika kivukoni. Ninyi vijana mnavuka Malagarasi mkitafuna miwa, lakini mimi tangu boti lile sikuwa nimepanda kitu chochote kinachoelea. Mjini nilikuwa sijafika miaka saba. Bahati yangu, Msukuma mmoja alikuwa anavusha ng'ombe, na fahali wake alikataa kupanda. Wakamvuta, wakamsukuma, wakamwimbia, akajikita miguu minne. Kivuko kikasimama kwa ajili yake karibu asubuhi nzima. Nilimpenda yule mnyama.

"Mwacheni," akasema mama mmoja aliyekalia gunia la dagaa. "Hata binadamu wengine wako hivyo. Mtazameni yule baba, amekumbatia nguzo kama mke wake!"

Watu wakacheka. Nikamwambia mimi ni wa lile boti. Kicheko kikamkauka.

"Jamani, pole baba. Nisamehe. Nasikia lilikuwa limejaa mizigo. Wewe ulikuwa na mzigo?"

"Sikuwa na mzigo," nikasema. "Kifurushi cha nguo tu."

Lishikeni hilo jibu, tutalihitaji mbele.

Fahali alipanda kabla yangu. Nami nikapanda kwa aibu ya kushindwa na ng'ombe, nikafumba macho, nikashika kamba yake mpaka ng'ambo.

Ilagala hadi Ujiji

Pale Ilagala, tulipotia nanga ng'ambo ya mto, nilipata lori la mihogo. Dereva alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililotuchelewesha. Njiani alipigiwa simu kwamba shemeji ya jirani yake wa zamani amefariki, kijiji cha karibu tu. Akakata kona bila kuuliza mtu. Tukajikuta abiria saba msibani kwa marehemu ambaye hata jina hatukulijua. Huwezi kukaa kwenye lori wakati watu wanalia. Tukashuka, tukaketi kwenye majani, tukaletewa ugali wa muhogo na maharage, tukaimba.

Mimi nililia. Nililia hasa, mpaka mzee mmoja akanishika bega akaniuliza, "Alikuwa ndugu yako?"

"Mdogo wangu," nikasema.

Wakanisogeza mbele kwa wafiwa. Mke wa marehemu akanitazama, akajaribu kukumbuka, akashindwa, akanikumbatia hivyo hivyo. Sikuweza tena kueleza kwamba nilikuwa namlilia wa kwangu. Dereva aliponiita nikaondoka na baraka za familia nzima, mwizi wa msiba.

Simu ikalia tukiwa barabarani. Gideoni.

"Baba Yoeli, utarudi lini? Huyu jogoo anawika kila tukifumba macho kuomba. Kina mama wanacheka, maombi hayaendi."

"Mwambie asihofu," nikasema, "hata Yesu alilala chomboni." Nikakata.

Ilinipendeza sana ile. Nilicheka peke yangu mpaka Ujiji.

Ujiji

Nilikwenda kwa Mzee Sudi, mwenye boti, kwa mambo mawili: kuuliza Kayanda anaishi wapi siku hizi, na kumtaja Mzee Sudi mbele ya uso wake. Hotuba nilikuwa nimeipanga tangu msibani. Nikapiga hodi. Akatoka mkewe, Bi Zainabu, mama mtu mzima, kanga mbili, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Namtafuta Mzee Sudi."

"Umechelewa. Ana mwaka wa pili kaburini. Ingia ule."

Hotuba ikanifia mdomoni. Akanipa samaki, migebuka iliyopikwa kwa mawese, na ndizi. Nilikula vipande vitatu, siwafichi. Kumchukia mtu hakuzuii njaa. Ukutani, pale watu wanapotundika picha, palikuwa na jaketi za kujiokolea, rangi ya machungwa, zimepangana kama kanzu za kwaya.

"Alizinunua wiki ile ile baada ya boti kuzama," akasema. "Boti hana, abiria hana, akazinunua tu. Kila Ijumaa akitoka kuswali alikuwa anazianika juani. Wewe ndiye Obadia, siyo?"

Samaki akanikwama.

"Ulikuwa unamtaja kila mwaka. Habari zinatembea, mwanangu, watu wa dagaa wanazileta. Alikuwa ananiuliza, 'Mwaka huu tena?' Namwambia, 'Tena.' Anasema, 'Ana haki.'" Akanimiminia maji ya kunawa. "Na wewe siku ile ulipakia nini?"

"Mimi? Sikuwa na mzigo."

Wakati huo huo simu ikalia. Gideoni tena. Kabla hajasema neno, jogoo akawika kwenye simu, sauti ikajaa sebule nzima. Bi Zainabu akacheka mpaka akavua miwani. Ikabidi nimweleze habari yote, jogoo, karatasi, Mathayo tano. Alisikiliza kwa makini kuliko wazee wetu wa kanisa.

"Hebu nisomee tena," akasema.

Nikasoma.

"Hapo, mwanangu, mimi si wa kitabu chenu, lakini hapo naona ndugu yako ndiye mwenye kinyongo. Anayepaswa kuinuka na kwenda ni yule aliyekosa. Sasa wewe umekosa nini?"

Nikamwambia kwa upole kwamba mambo haya yana undani wake, yanahitaji mtu aliyelelewa ndani ya Injili. Akasema sawa. Akanielekeza kwa Kayanda: amelihama ziwa, yuko Kalinzi juu, analima kahawa. Akanifungia ndizi za njiani kwenye mfuko.

Kupanda Kalinzi

Asubuhi nikapanda pikipiki ya Baba Kulwa, mtu mzima wa makamo yangu, anayeendesha huku akigeuka nyuma kukusikiliza. Kadiri tulivyopanda baridi ikaongezeka, na kadiri ilivyoongezeka naye akazidi kuuliza.

"Unakwenda kwa Kayanda. Unamdai?"

"Simdai. Nimekuja kumsamehe."

Pikipiki ikapungua mwendo. "Yuko tayari?"

"Hajui kama nakuja."

"Basi afadhali ungekuwa unamdai," akasema. "Deni mtu anajua la kulifanya."

Akanishusha karibu na migomba, akaondoka kabla sijamaliza kushukuru. Habari ilikuwa imeshanitangulia. Mke wa Kayanda akaniambia mume wake amekwenda Kigoma. Jirani akasema yuko mgonjwa. Mwingine akasema alihama zamani. Wote watatu walikuwa wanaangalia kibanda kimoja cha kumenyea kahawa. Nikaketi kwenye jiwe mbele ya kibanda, nikala ndizi za Bi Zainabu moja baada ya nyingine, nikasikia mashine ya mkono ikizunguka ndani, ikisimama, ikizunguka tena. Jua lilipofika utosini mlango ukafunguka.

"Mwakeye, Obadia," akanisalimu kwa Kiha chetu.

"Mwakeye."

Amekuwa mvi tupu. Mtu aliyekuwa ananuka dizeli na samaki, sasa ananuka maganda ya kahawa. Hakuninyanyulia uso, akaendelea kuchambua punje kwenye ungo.

Nikatoa karatasi yangu, nikamsomea. Nikasema, "Nimekuja tupatane. Kwa hiyo sema ulichofanya."

"Nilijaza chombo," akasema. "Niliwaambia hivyo walionihoji, nikafungwa kwa hilo. Nilijaza chombo, Yoeli akafa na wenzake. Nisamehe."

Ikawa hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano ya siku mbili. Miaka saba namngoja aseme, na aliposema nikakosa pa kuiweka mikono yangu.

"Sasa zamu yako," akasema.

"Zamu yangu ya nini?"

"Chombo kimeshajaa, tumeshafungua kamba. Nani alikuja anakimbia ufukweni na madumu kumi ya mawese?"

"Sijui unasema nini. Mimi sikuwa na mzigo."

Ilikuwa mara ya tatu. Kule juu simu yangu ilikuwa haishiki mtandao. Hakuna jogoo aliyewika, si wa Gideoni wala wa Kayanda. Petro, mwajua, alisaidiwa. Alipomkana Bwana mara ya tatu jogoo aliwika, akatoka nje akalia. Mimi niliachwa na sauti ya punje zikianguka kwenye ungo, moja moja, ikabidi nijisikie mwenyewe.

Alingoja. Mtu yule anajua kungoja.

"Yalikuwa tisa," nikasema. "Siyo kumi."

"Tisa basi."

"Ulinikatalia."

"Mara mbili. Ya tatu sikukukatalia, na hilo ni langu, nimelilipia. Ukasema mnunuzi wa Kigoma hangoji. Yoeli ndiye aliyeyabeba, majini mpaka kiunoni."

"Nilimwambia apande ayalinde," nikasema. Sikuwahi kulisema neno hilo kwa mtu yeyote, hata kwa mke wangu. Yoeli hakuwa na safari siku ile. Alikuja kunibebea tu, akawa anarudi nyumbani. Nikamwita. Nikamwambia panda uyaangalie, peke yangu sitayaweza, watu wa boti ni wezi.

Nikamuuliza Kayanda kwa nini hakunitaja walipomhoji.

"Waliuliza nani aliruhusu mzigo. Nahodha ndiye anayeruhusu, nikajitaja. Halafu nilikuona pale mchangani, umelikumbatia dumu lako, unamwita mdogo wako. Nikasema moyoni, huyu mwacheni apumue kwanza, akipumua atajitaja mwenyewe." Akapepeta ungo, maganda yakaruka. "Nikaanza kusikia jina langu kila mwaka. Nikasema, naam, amepumua. Amepumua vizuri sana."

Nilikwenda na msamaha wangu kama mtu anayepeleka mahari, nikakuta binti wameshaniozesha zamani na mimi ndiye niliyekuwa sijalipa. Nikamwambia, "Nisamehe, Elisha." Jina lake la kwanza nilikuwa sijawahi kulitamka ila kwa kumshitaki.

"Tusaidiane kwanza hizi kahawa," akasema. "Mvua inakuja."

Nikazungusha mashine mpaka jioni. Mkewe, yule aliyesema yuko Kigoma, akatupatia maharage na ndizi za kupika, akanicheka jinsi nilivyovimba viganja.

Kurudi

Safari ya kurudi haina mengi. Lori halikupata msiba. Kivukoni nilipanda macho wazi, hakukuwa na ng'ombe wa kushindana naye. Nikaangalia maji. Ni maji tu, na ndani yake hamna jibu.

Ng'ambo nikamkuta Gideoni ananingoja, kofia mkononi.

"Baba Yoeli, kuhusu jogoo."

"Amekufa?"

"Amepikwa. Walikuja wageni wa kanisa ghafla, kina mama wakamkuta kuku madhabahuni, wakadhani ameandaliwa. Hata mimi nilikula paja kabla sijajua. Nisamehe, ndugu yangu, nimekosa sana."

Nilimtazama mtu niliyemtaja miaka saba kwa ajili ya watu sita, anatetemeka kwa ajili ya kuku.

"Na lile la ziwa?" nikamuuliza.

Akageuka upande wa mto. "Lile," akasema, "nimeshindwa hata kujua pa kuanzia. Kila nikifungua mdomo nilikuwa nasikia sauti yako."

Nikamwambia Jumapili hatasikia sauti ile ile. Akadhani namtisha.

Jumapili nikapewa nafasi ya ushuhuda. Sadaka yangu ilikuwa imeliwa, kwa hiyo nilichukua lile dumu la nyumbani, lile la muujiza, nikaliweka pale pale jogoo alipokuwa amefungwa. Shingoni lina alama ya rangi ya bluu. Watu wakajiinamia, wanajua nikisimama nasema nini. Nikataja. Elisha Kayanda, aliyekubali. Mzee Sudi, Mungu amrehemu, ambaye jaketi zake nimeziona. Mwinjilisti Gideoni, aliyeko hapa. Halafu nikasema: na Obadia, mwenye madumu tisa, aliyempandisha mdogo wake chomboni ayalinde. Hili dumu Mungu hakunitumia. Nililipakia mimi.

Mnakumbuka, Gideoni alikuwa amefunika uso. Mimi nilikuwa namwangalia mama yangu kwenye benchi la mbele, maana kila mwaka baada ya kutaja kwangu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitikia amina, na safari hii hakuitikia. Nikashuka, nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia, mama, ni mimi.

Ninyi wa nyuma hamkusikia alivyojibu, ndiyo sababu mmekuwa mkiniuliza. Alinyoosha mkono, akaligusa dumu pale shingoni.

"Hii rangi niliipaka mimi, ili yasichanganyike na ya watu," akasema. "Ulipoletwa nyumbani umelikumbatia, nililitambua kabla sijakutambua wewe."

"Mbona hukusema, mama? Miaka yote hii?"

"Nilikuwa nimebakiwa na mtoto mmoja," akasema.